Kumtaja mbunge redioni karibu na uchaguzi: ni hoja au ni kampeni?

Mkaazi wa Columbus aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Jumuiya yetu ya Waswahili hapa Columbus, Ohio, ina wanachama wasiofika mia moja. Tulikubaliana kulipia tangazo la redio la kuwaomba wasikilizaji wampigie simu mbunge wetu katika Bunge la Marekani, wamsihi aupinge muswada wa uhamiaji. Mweka hazina akalizuia, kwa kuwa mbunge huyo anagombea tena Novemba. Karatasi ya tangazo ninayo hapa mezani: jina la mbunge limekatwa kwa kalamu nyekundu, na kilichobaki ni "mpigie simu kiongozi wako", maneno yasiyomwambia msikilizaji ampigie nani. Je, sheria inatutaka kweli tunyamaze?

Bi. Zuhura alijibu:

Haiwataki mnyamaze, ndugu yangu, ingawa hofu ya mweka hazina haikuzuka hewani. Mwaka 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuweka kikomo cha matumizi ya kampeni ni kuweka kikomo cha maneno, na ikaibana sheria ya matumizi ya watu walio nje ya kampeni iguse tu matangazo yenye wito wa wazi, kama "mchagueni" au "mwangusheni". Sheria ya mwaka 2002 ikapanua wigo: tangazo la redio au televisheni linalomtaja mgombea wa shirikisho ndani ya siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu, au siku 30 kabla ya mchujo, lilipigwa marufuku likilipiwa na fedha za kampuni au chama cha wafanyakazi, na vyama vingi visivyo vya biashara vikaingia katika wavu huohuo. Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 2007 na kuondolewa mwaka 2010 katika kesi ya Citizens United. Kilichobaki ni uwazi: tangazo la namna hiyo litaje aliyelilipia, na anayetumia zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka kwa matangazo hayo aripoti kwa Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi. Angalieni pia fedha zenyewe, kwa sababu asiye raia wala mkazi wa kudumu haruhusiwi kuchangia.

Mwalimu Hamadi alijibu:

Nakubaliana na Bi. Zuhura, lakini tusiwabeze waliotunga sheria ile. Sote tumewahi kuketi sebuleni mwezi wa Oktoba tukatazama tangazo lenye sauti nzito na picha ya mgombea iliyotiwa giza, linalomshutumu kwa kila baya kisha likamalizia kwa "mpigie simu umuulize kwa nini". Neno "kura" halimo, na kila mtazamaji ameelewa. Matajiri walijificha nyuma ya mwanya huo kwa miaka mingi, na mimi mpiga kura nina haki ya kujua ni nani anayenisemesha.

Bi. Zuhura alijibu:

Haki hiyo naitetea kwa tajiri wa mamilioni, Mwalimu. Kwa mnyonge, kutajwa jina kunaweza kuwa adhabu. Jimbo la Alabama lilidai orodha ya wanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, na mwaka 1958 Mahakama ya Juu ikakataa, kwa kuwa waliojulikana walikuwa wakifukuzwa kazi na kutishiwa kupigwa. Na hapo jirani yenu Westerville, mwaka 1988, Margaret McIntyre alichapa kwa kompyuta ya nyumbani vikaratasi vya kupinga kodi ya shule. Mwanawe na rafiki wakamsaidia kuvibandika kwenye vioo vya magari. Kwa kuwa vingine havikuwa na jina lake, alitozwa faini ya dola 100. Mahakama ya Juu ilimpa haki mwaka 1995, yeye akiwa ameshafariki. Sheria iliyokusudiwa kuwabana wakubwa ilimwangukia mama mwenye vikaratasi, na hilo ndilo linaloniumiza kila kiwango cha kuripoti kinapotajwa bila kufikiriwa vyama vidogo kama chenu.

Mkaazi wa Columbus alijibu:

Ahsanteni sana. Tangazo letu halitafika hata dola 2,000, na wachangiaji wote ni raia au wakazi wa kudumu. Nimeliandika upya jina la mbunge, na chini yake nimeongeza mstari unaosema kwamba limelipiwa na jumuiya yetu. Jumamosi nitampelekea mweka hazina pamoja na majibu haya.