Maua ya kuning'iniza kibarazani, tupeane uzoefu (yangu yanakufa)

Wakuu habari za jioni. Nipo Njiro, Arusha, nyumba ya kupanga, uani ni pevingi tupu hamna hata pa kupanda mchicha, nikanunua petunia za kuning'iniza vyungu vinne kwa wauza miche wa barabarani. Namwagilia kila asubuhi kabla ya kazi na bado wiki ya tatu vitatu vimekauka kama majani ya chai, kimebaki kimoja nacho kinalegea. Mliofanikiwa mnafanyaje?

Mdau wa Moshi, Majengo
Pole mkuu. Huku kwetu na hili joto visingemaliza wiki. Chungu cha hewani upepo unakipiga pande zote mpaka chini, kipindi hiki cha Januari na Februari ni asubuhi na jioni. Alafu udongo ukikauka sana unajivuta unaachana na ukingo, ukimwaga maji yanapita pembeni yanatokea chini, we unajua umemwagilia kumbe katikati vumbi. Nilikuja kustuka siku nimechomeka kidole. Kishushe ukizamishe kwenye maji mpaka mapovu yaishe.

Dada wa Sakina
Mi nilijaza udongo wa shamba mtupu kwenye ndoo ya rangi ya lita 10, sikutoboa matundu, nikafunga na kamba ya katani nikajiona fundi. Masika ilipokolea mvua ikapiga usiku kucha, saa tisa tukasikia puu! baba watoto akatoka na panga akijua wezi, kumbe ndoo imeshuka na kipande cha dari 😂 Siku hizi nachanganya udongo, mboji na makapi ya kahawa yaliyooza, inakuwa nyepesi, na natumia mnyororo. Matundu usisahau.

Chalii wa Ngaramtoni
Mi nina ile mimea ya majani membamba yenye mstari mweupe, inashusha vitoto kama buibui, ngumu kufa hiyo. Ila ncha zilikuwa zinaungua zinakuwa kahawia, nikadhani jua nikaihamishia kivulini, wapi. Kumbe maji. Si mnajua maji ya huku maeneo mengi yana floraidi nyingi, ndo hiyo hiyo ya kwenye meno yetu, na huo mmea hauielewi kabisa. Nikaanza kukinga ya mvua kwenye pipa (funika, mbu) na majani mapya yanatoka safi. Yaliyoungua hayaponi, kata tu.

Dada wa Sakina
Kwa hiyo Arusha hata maua yana meno ya kahawia 😂😂

Mdau wa Kibosho
Huku baridi na ukungu mi mara mbili kwa wiki inatosha, nikizidisha mizizi inaoza. Sasa hivi kimoja ndege katagia humo, nakipa maji kwa kikombe pembeni pembeni kama namnywesha mgonjwa.

Mleta uzi
Nimetoka na tochi ya simu nimechomeka kidole. Vumbi kabisa aisee. Kipo kwenye beseni hapa kinatoa mapovu dakika ya kumi hii, mama watoto anauliza nguo atalowekea wapi.