UKOO WA PANGANI 🌴: kweli mbili, uongo mmoja

[16:02] Zuhura: Assalaam aleikum ukoo. Idd Pili tunakutana kwa Bibi kama kawaida. Mwenye turubai anataka kianzio chake leo kabla ya isha, la sivyo anawapa watu wa harusi. Mpaka sasa wametuma wawili tu. Wengine mnajijua.

[16:04] Zuhura: La pili. Mchezo wa mwaka huu ni kweli mbili, uongo mmoja. Kila nyumba ije na mambo matatu. Uongo uwe wa kubuni, wa kuchekesha, lakini mtu akiusikia asite kidogo. Watoto wamechoka kushindana kula ndizi.

[16:41] Zuhura: Mmesoma wote, tiki za bluu naziona. Hata salamu hamjibu?

[16:43] Baba Mdogo Omari: 👍

[16:43] Zuhura: Baba, hilo dole ni la turubai au la mchezo?

[16:58] Idi: Waaleikum salaam shangazi. Mimi huyu hapa.
1. Pweza ana mioyo mitatu.
2. Kuna mnyama Australia anaitwa wombati, mavi yake yana pembe kama dadu.
3. Papa hawaingii mto Pangani kwa sababu hawawezi harufu ya mkonge.

[16:59] Salma: La mavi uongo 🤣🤣

[17:01] Mama Tatu: Idi, lugha. Humu mna wakubwa. Uongo ni la pweza. Nimesafisha pweza tangu sijaolewa, mioyo mitatu iko wapi?

[17:02] Idi: Iko shangazi. Miwili inasukuma damu kwenye matamvua, mmoja unaipeleka mwilini. La wombati nalo kweli. Nimetunga la papa.

[17:02] Salma: Mbona nishalipeleka kikundi cha madrasa 😭

[17:03] Zuhura: Salma! Futa kwa wote, sasa hivi.

[17:04] Salma: Ustadhi keshajibu "Subhanallah".

[17:06] Zuhura: Mwandikie umwambie ni la kutunga. Usimwache hivyo. Ila Idi kaweza. Kachukua mto tunaouvuka kwa kivuko na mkonge tuliokulia ndani yake, upuuzi kauchomeka katikati. Ndivyo ninavyotaka. Na turubai je?

[17:20] Hamisi: Haya na mimi.
1. Vita vya Unguja na Waingereza mwaka 1896 vilikwisha kwa dakika kama 38.
2. Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaisari wa Wajerumani, mlima Kilimanjaro siku yake ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umepinda pale.
3. Mkonge wa nchi hii ulianza na miche 62.

[17:21] Idi: 62 ndiyo uongo ami. Nani alikaa akahesabu?

[17:24] Zuhura: Hilo kweli mwanangu, tena la hapa hapa kwetu. Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893. Mingi ikafia njiani, iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe. Babu yenu alikuwa akipita pale kila siku.

[17:25] Idi: Basi vita. Dakika 38 hata mapumziko ya mechi hayajafika 😂

[17:27] Zuhura: Kweli pia. Agosti 27, saa tatu asubuhi manowari zikaanza kupiga jumba la Sultani. Saa nne haijagonga, Khalid bin Barghash yuko kwa balozi wa Wajerumani.

[17:28] Salma: Ina maana mlima ndiyo uongo??? Sisi tulifundishwa darasani!

[17:33] Hamisi: Na watalii wanaambiwa mpaka leo. Mpaka walipatana kwenye meza mwaka 1886, na Wilhelm alikuwa bado hajatawala, alitawala 1888. Ila mlima upo, mpaka umepinda kweli, na Victoria alikuwa bibi yake kweli. Uongo huu sikuutunga mimi, nimeurithi.

[17:35] Mama Tatu: Na ule wa Muheza uliurithi kwa nani?

[17:41] Hamisi: Dada, yalikwisha yale.

[17:41] Mama Tatu: Kwako.

[17:43] Mama Tatu: Sahani ya Sultani. Mbele ya wakwe, kwenye jamvi lao. Na yule mzee akaipindua, akavaa miwani, akasoma chini.

[17:44] Idi: Iliandikwaje shangazi?

[17:44] Zuhura: Idi nyamaza.

[17:46] Baba Mdogo Omari: 👍

[18:10] Zuhura: Jamani kianzio. Mtu wa turubai kanipigia mara ya pili.

[18:32] Saidi Muscat: Waaleikum salaam, ndiyo natoka kazini. Kuhusu mchezo, langu hili: Aprili 1, 1957, BBC ilionyesha familia ya Uswisi inavuna tambi mtini. Watu wakapiga simu kuuliza wao watapandaje.

[18:33] Idi: Uongo!

[18:34] Saidi Muscat: Kweli. Walionyesha.

[18:34] Salma: Kwa hiyo walichoonyesha ni uongo lakini kwamba walionyesha ni kweli? Tunahesabu wapi?

[18:36] Zuhura: Kweli. Tambi hazikuwa kitu cha kila siku Uingereza wakati ule, wangejuaje? Saidi, soma na ujumbe wa kwanza.

[18:52] Salma: Nimemsomea Bibi yote. Kaniambia niandike kama anavyosema, nisipunguze:
"Chezeni. Mimi na dada zangu tulitungiana zaidi ya hayo. Lakini aliyetunga aseme mwenyewe kuwa katunga, watu wakiwa bado wamekaa. Asitoke mtu nyumbani kwangu na uongo akaenda kuulia heshima ya mwenzake. Hamisi, dada yako aliinama kwa wakwe kwa ajili yako. Mwaka wa ngapi huu? Pilau yangu hutaila kabla hujamkalia chini."

[19:09] Hamisi: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[19:10] Hamisi: Nimesikia mama. Dada, nakupigia.

[19:11] Mama Tatu: Usinipigie. Njoo.

[19:20] Zuhura: Ya Saidi imeingia, Mungu akuzidishie. Ni nusu ya kianzio. Mwenye turubai kakubali kungoja mpaka kesho adhuhuri, ila viti hana, na anataka kujua ni Jumatano au Alhamisi.

[19:21] Idi: Mwambie mwezi haujatuma ujumbe 😅

[19:22] Zuhura: Nimemwambia. Anasema akishika siku zote mbili, bei mbili. Viti vya msikitini nani ataviombea? Hamisi ndiye anayejuana nao.

[19:40] Zuhura: Hamisi?

[19:41] Salma: Shangazi, ami katoka. Kachukua bodaboda.