Hati ya kiwanja changu imeitwa "karatasi ya maandazi" mbele ya baraza zima!

Mzee wa Bondeni (mleta mada)
Wakuu, nimetoka kikaoni saa hii hii, hata viatu sijavua. Mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka mnivumilie.

Yule mheshimiwa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayekohoa mara tatu kabla ya kusema neno, anayevaa suti nene jua la saa nane mchana. Huyo huyo.

Leo baraza la madiwani lilikuwa na rasimu ya sheria ndogo za mazingira. Ndani ya mita 60 kutoka mtoni usijenge, usilime, na mti uliopanda mwenyewe kiwanjani kwako usiukate mpaka upate kibali. Mwembe wangu! Niliumwagilia kwa ndoo ya kichwani, leo nikapange foleni kuomba ruhusa ya kukata tawi linalogonga bati langu.

Hayo niliyameza. Kilichonichoma ni hiki. Nilisimama kule nyuma nikanyoosha hati yangu juu. Hati ya miaka 66, ina lakiri, imetolewa 2001. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira imetungwa 2004, mimi nimeshaezeka zamani. Sikutamka kitu, niliinyoosha tu. Mheshimiwa akakohoa mara tatu, akaniangalia kama nzi aliyetua kwenye uji wake, akasema: "Mwenyekiti, mwambie yule mzee akae chini na karatasi yake ya maandazi."

KARATASI YA MAANDAZI.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mgawa maji kadondosha katoni nzima. Mwandika kumbukumbu kaacha kalamu, kajishika mbavu. Kicheko kile nadhani kimevuka mpaka wa nchi bila pasipoti.

Miaka yote hii nalipia kodi ya ardhi karatasi ya maandazi? Wapima walikuja na mitambo yao wakazika bikoni za maandazi?

Na aliyehama ni mto, wakuu! Nilipojenga, kutoka ukutani hadi ukingoni ilikuwa safari. Malori ya mchanga yamechimba usiku na mchana, kingo zimemeguka, kila masika mto unanisogelea kitandani. Wenye malori hawajaguswa, mimi niliyekaa palepale ndiye mvamizi. Sasa hizo mita 60 zinapimwa kutoka mto wa mwaka gani? Hilo hakujibu. Yeye maandazi tu.

Kinyonga Mkavu
Uzi bila picha ni chai. Tupia picha ya hati tuone kama ina mafuta.

Mzee wa Bondeni
Siweki hati mtandaoni, matapeli wataiuza kabla sijalala. Na wewe unacheka kama wale wa ukumbini!

Fundi Nondo
Pole mkuu, ila mwananchi kwenye kikao cha madiwani anaingia, anasikiliza, ananyamaza. Wewe ulisimama kunyoosha kitu kama refa na kadi nyekundu. Maoni ya rasimu yaliombwa kwa maandishi, tangazo lilibandikwa. Uliandika?

Mzee wa Bondeni
Lilibandikwa wapi, nyuma ya mlango wa stoo? Na hata kama sikuandika, ndiyo nitukanwe? Mbele ya watu! Mbele ya mkwe wangu aliyekaa safu ya pili!

Wakili wa Kijiweni
Tulieni. Mita 60 si za diwani huyo. Ni kifungu cha 57 cha sheria ya 2004: shughuli za kudumu haziruhusiwi ndani ya mita 60 za ufukwe, ziwa, kingo za mto au bwawa. Ni sheria ya Bunge, baraza haliwezi kuipunguza. Lakini Katiba ibara ya 24 inasema mtu asinyang'anywe mali yake bila fidia inayostahili. Hati yako imetangulia sheria, simama hapo hapo. Halafu rasimu bado ni rasimu, inahitaji idhini ya waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Andika barua kesho asubuhi.

Mzee wa Bondeni
Nitaandika, asante sana. Ila wakili, umesoma alichosema? Ya MAANDAZI.

Mkazi wa Chini ya Daraja
Mimi simwonei huruma. Ninyi wa juu mmejaza vifusi kingoni, mmejenga kuta, maji yote yanakuja kwangu. Masika iliyopita godoro langu lilielea mpaka barabarani, mtoto yuko juu yake. Mita 60? Wekeni 600.

Mzee wa Bondeni
Kifusi nilimwaga kuzuia nyumba isianguke! Kamuulize mwenye malori!

Mama Vitumbua
Na sisi wauza maandazi tumekosa nini? Maandazi yangu yamesomesha watoto watatu. Mifuko ya plastiki mliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019, tukahamia karatasi kwa kutii sheria. Leo karatasi imekuwa tusi?

Kinyonga Mkavu
Mama Vitumbua, unapatikana saa ngapi?

Mama Vitumbua
Kumi na moja alfajiri. Mkopo sitoi.

Sina Usingizi
Ninyi wa mtoni mna afadhali, mto unalala. Jirani yangu kafungua baa, spika inatikisa vyombo kabatini hadi saa tisa usiku. Kelele nazo ni mazingira. Nilipokwenda kulalamika nikaambiwa nilete kipimo. Nikinunue wapi?

Fundi Nondo
Kama ni ile yenye taa za kijani, wana supu nzuri sana.

Sina Usingizi
Supu?! Njoo ulale kwangu siku moja!

Bibi Mwarobaini
Wanangu, hicho kibali cha kukata miti kimeshapita? Mwarobaini wa jirani mizizi imeingia kwenye shimo langu la choo. Nikiukata nafungwa, nikiuacha nazama.

Wakili wa Kijiweni
Bibi, mti uko upande wake au wako?

Bibi Mwarobaini
Shina kwake, kivuli kwake, mizizi kwangu.

Mzee wa Bondeni
Wakuu, turudi kwenye mada. Ukumbi MZIMA ulicheka.

Fundi Nondo
Tumesikia, mzee. Bibi, hilo shimo lilijengwa kwa tofali au kwa mawe?