Hesabu za GMAT kwa mtu wa HGL, naanzia wapi?

mwana_korogwe

Wakuu salaam. Naombeni mwongozo kwa wanaoyajua haya mambo. Mwakani nataka kuomba MBA nje, vyuo viwili kati ya nilivyovichagua vinataka GMAT, ule mtihani wa kuombea shule za biashara, na mimi hesabu mara ya mwisho tuliachana kidato cha nne, nikapata C nikashukuru Mungu nikaenda zangu HGL (historia, jiografia na Kiingereza), chuo nikasoma sheria. Sasa hivi niko kazini, nikitoka ni foleni, nikifika nyumbani kuna mtoto wa miaka mitatu anataka kubebwa, kwa hiyo muda wangu ni kuanzia saa nne usiku na alfajiri kidogo.

Nimechukua maswali ya mazoezi ya Quant, ile sehemu ya hesabu, nikajaribu. Yaani nikiyasoma naona kabisa haya nayajua, asilimia, uwiano, wastani, ila nikianza kukokotoa dakika tano zimekatika na bado niko swali lile lile. Sasa nianze hesabu zote upya toka kidato cha kwanza? Zile trigonometria na logi zimo? Kalkuleta inaruhusiwa? Halafu kuna jamaa ofisini kaniambia bila kulipia kozi ya mtandaoni ya madola nisijisumbue, ni kweli? Mje na lugha nyepesi tafadhali, mimi siyo mtu wa namba.

mzee_magazijuto

Mkuu tulia kwanza. GMAT siku hizi siyo ile watu wanayoisimulia. Toleo la sasa limeanza Novemba 2023, la zamani wakalifunga mwisho wa Januari 2024, na kwenye hesabu wamepunguza vitu. Quant sasa ni maswali 21 kwa dakika 45, yote ya kuchagua, na maumbo wameyatoa, mambo ya eneo la duara sijui ujazo wa silinda huna haja nayo. Trigonometria na logi hazikuwemo hata huko nyuma. Kwa hiyo ukisema urudi kidato cha kwanza uende nacho topiki kwa topiki utamaliza mwezi unasoma vitu ambavyo hakuna wa kukuuliza.

Kinachotakiwa ni hivi: sehemu, desimali, asilimia, uwiano, wastani, vipeo na vipeuo, milinganyo, KDS na KKS (kigawe kidogo na kigawo kikubwa cha shirika), namba tasa, shufwa na witiri, mwendo na umbali, wale mafundi wawili wanaojenga ukuta pamoja, riba, seti, na kidogo mambo ya uwezekano. Basi.

Kalkuleta kwenye Quant HAMNA. Ipo kwenye sehemu ya Data Insights, ile ya kuchambua takwimu na taarifa, peke yake, inatokea kwenye skrini. Na hapa ndipo zinapoishia dakika zako tano, siyo kwamba hujui, ni mkono umesahau, tumezoea simu mpaka 15 mara 16 mtu anatafuta simu. Wiki mbili za kwanza usiguse swali lolote gumu, rudisha mkono tu. Vipeo vya pili mpaka 20 viwe kichwani, na sehemu zigeuke asilimia bila kufikiria, 1/8 ni 12.5, 3/8 ni 37.5. Ukikutana na bei imepanda asilimia 25 halafu ikapunguzwa asilimia 20 usianze kuzidisha madesimali, sema 5/4 mara 4/5, imerudi pale pale, sekunde kumi umemaliza.

Sasa ona wanavyotega. Gari limeenda km 120 kwa mwendo wa km 40 kwa saa, likarudi njia hiyo hiyo kwa 60. Wastani wa mwendo kwa safari nzima? Mwenye haraka anasema 50, na 50 utaikuta pale kwenye majibu imekaa inakusubiri. Kwenda saa 3, kurudi saa 2, jumla km 240 kwa saa 5, jibu ni 48. Hesabu ya darasa la saba hiyo, ila aliyetunga anajua utakimbilia wapi.

Kozi ya madola siyo lazima. Fungua akaunti mba.com, GMAC wenye mtihani wanakupa mitihani miwili kamili ya majaribio bure, inaenda kama mtihani wenyewe. Mmoja ufanye baada ya hizo wiki mbili ujue uko wapi, wa pili uutunze mpaka karibu na siku yako. Kuna watu wanaimaliza yote miwili wiki ya kwanza kwa mchecheto halafu wanabaki hawana cha kujipimia.

mshika_chaki

Mimi nafundisha hesabu sekondari na huwa nasaidia watu wazima wanaojiandaa na hii mitihani. Nakubaliana na mzee hapo juu karibu yote ila kwenye "darasa la saba" anakupamba kidogo. Topiki ni za chini sawa, lakini maswali ya tabia za namba yanawaangusha hata mainjinia. Mtu anasahau sifuri ni shufwa. Anasahau 1 siyo namba tasa na 2 ni tasa. Akiona x mraba ni 9 anaandika x ni 3 anaondoka, ile hasi 3 hana habari nayo. Akiambiwa x ni ndogo kuliko 1 anawaza 0 na hasi tu, nusu haimjii kichwani. Swali likikupa herufi bila kukwambia ni namba ya aina gani, jaribu chanya, hasi, sifuri na sehemu kabla hujachagua.

Kingine, hayo majibu matano ni msaada, yatumie. Swali linasema idadi fulani ikigawanywa kwa 5 inabaki 3 na ikigawanywa kwa 7 inabaki 2, ipi ndogo kabisa? Mtu wa sheria ataanza kutafuta kanuni. Kanuni huihitaji, orodhesha: za 7 zinazobakisha 2 ni 2, 9, 16, 23. Zijaribu kwa 5, 23 inabakisha 3, umemaliza. Na kama wangekupa majibu ungechukua moja moja ukaliingiza humo, lisilokubali unalitupa.

Halafu dada/kaka, wewe mtu wa sheria una silaha ambayo hujaiona, kusoma. Maswali haya yanaliwa kwenye kusoma. A imezidi B kwa asilimia 25, je B imepungukiwa na A kwa asilimia ngapi? Wengi watakwambia 25. Weka B ni 100, A ni 125, tofauti 25 juu ya 125 ni asilimia 20. Ulizoea kusoma kifungu cha sheria neno kwa neno, soma hivyo hivyo, anza na sentensi ya mwisho ujue wanachotaka ndiyo urudi juu.

Na uwe na daftari la makosa. Siyo la kunakili majibu, la kuandika kwa nini ulikosa, na usiandike "uzembe", uzembe haufundishiki. Andika "nilitafuta x wakati wameuliza 2x". Baada ya muda utaona kosa linalojirudia ni lile lile, kwa wengi ni mawili matatu tu yanayozunguka.

wa_nakuru

Mimi nitasema kitu pengine hamtapenda. Mbona lazima GMAT? Hebu angalia vizuri kwa tovuti za hizo shule, nyingi siku hizi zinachukua GRE pia, mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili. GRE uko na kalkuleta kwa skrini hesabu yote mwanzo mwisho, na tangu Septemba 2023 waliifupisha, mtihani wote hata masaa mawili haifiki. Hesabu ni maswali 27, 12 ya kwanza dakika 21, halafu 15 dakika 26. Ndani ya sehemu moja unaweza ruka swali urudi baadaye ujibu, GMAT haikuruhusu kuacha swali tupu usonge mbele. Mtu ameachana na hesabu miaka hiyo yote anahitaji hiyo nafasi ya kupumua.

mzee_magazijuto

@wa_nakuru hujakosea ila mwambie na upande wa pili. GRE maumbo yamo, pembetatu, duara, yote tuliyomwambia asahau yanarudi. Halafu ile sehemu ya Kiingereza ya GRE ina misamiati ya kukaririshana, maneno ambayo hata jaji hayatumii. Mleta mada anafanya kazi na anaamka na mtoto, huo muda wa kukariri atautoa wapi.

Ila wazo la kuangalia kama vile vyuo vinataka GMAT peke yake ni zuri, aangalie kabla hajalipa. Na GRE nao wana mitihani ya majaribio ya bure, afanye ya huku na ya huku, atajua mwenyewe wapi panamkalia vizuri.

mwana_korogwe

Asanteni sana aisee, mmenipa mwanga. (Ni dada 😀). Nimeangalia, chuo kimoja kinapokea zote mbili, kingine GMAT tu, kwa hiyo nabaki na GMAT.

Maswali mawili ya nyongeza. La kwanza, nasikia mtihani unabadilika kufuatana na unavyojibu, ukipatia linakuja gumu zaidi, sasa nikikwama swali moja nakaa nalo mpaka lini? La pili, hiyo Data Insights ina maswali ya aina ya "je taarifa zinatosha", kusema ukweli sijaelewa hata wanachotaka.

mshika_chaki

Dada, dakika 45 kwa maswali 21 ni kama dakika mbili na sekunde nane kila moja. Ikifika dakika tatu na huoni njia, chagua jibu, liwekee alama, endelea. Mwisho wa sehemu ukibakiwa na muda unaruhusiwa kurudi, lakini majibu unayoweza kubadilisha ni matatu tu kwa kila sehemu, kwa hiyo alama ziweke kwa akili. Kitu cha kuogopa kuliko kukosa ni kutomaliza, maswali usiyoyafikia mwishoni yanakukata alama vibaya. Kwa hiyo jipangie vituo: ukimaliza la saba saa isome dakika 30 zimebaki, la kumi na nne dakika 15. Na usijipime ugumu njiani, eti "hili rahisi basi nimeshakosa la nyuma", ukianza kumchungulia mtunzi utapoteza dakika zako bure.

Hayo ya kutosha, hawataki jibu, wanataka kujua kama jibu linapatikana. Unapewa swali na taarifa mbili. Machaguo hayabadiliki: A ya kwanza peke yake inatosha, B ya pili peke yake inatosha, C mpaka zikae pamoja, D kila moja inatosha kivyake, E hata zikiungana hazitoshi. Yakariri hayo kabla ya siku yenyewe. Hapo wewe mwanasheria uko nyumbani, ni ushahidi unatosha au hautoshi.

Jaribu hili: Je, x ni chanya? (1) x mraba ni 4. (2) x kipeo cha tatu ni 8.

mwana_korogwe

B. Ya kwanza x inaweza kuwa 2 au hasi 2 kwa hiyo hatujui, ya pili lazima iwe 2.

mshika_chaki

Umeona. Haya lingine: Wafanyakazi wa ofisi ni wanawake na wanaume, jumla yao wangapi? (1) Uwiano wa wanawake kwa wanaume ni 3 kwa 2. (2) Wanawake wamezidi wanaume kwa 8.

mwana_korogwe

Ya kwanza haitoshi, ya pili haitoshi, pamoja ni C. 24 na 16, jumla 40.

wa_nakuru

C iko sawa, lakini hiyo 40 umeitafutia nini? Ukishaona zinatosha, chagua uende. Hapo umechoma sekunde ishirini.

mzee_magazijuto

😂😂 kweli kabisa. Dada usisahau jambo moja, matokeo ya jumla yanaanzia 205 mpaka 805 na sehemu zote tatu, Quant, Verbal (ya Kiingereza) na Data Insights, zina uzito sawa. Usiku wote usiuzike kwenye Quant, Verbal ndiyo mtaji wako, ipe hata alfajiri mbili kwa wiki. Na mpangilio wa sehemu unachagua mwenyewe, anza na unayoimudu. Ukienda kufanyia kituoni mazoezi ya mwisho usiyafanyie kwenye karatasi, kule unapewa kibao cha plastiki na kalamu yake, mwandiko unakuwa mkubwa nafasi inakwisha, heri ukizoee mapema.

mwana_korogwe

Sawa wakuu, leo saa nne naanza na vipeo mpaka 20. Ule mtihani wa kwanza nikishafanya narudi hapa na daftari, mshika_chaki usikimbie.