Ushauri: igizo letu la nyimbo kuhusu asubuhi ya Nungwi limemtoa mama mmoja ukumbini

Maalim_Kaskazini

Assalaamu alaykum wanajukwaa, na wa salamu nyengine habari za jioni.

Nafundisha sekondari huku Kaskazini Unguja. Nje ya kazi nina kikundi cha vijana 14, tunatunga igizo lenye nyimbo. Kisa chetu ni asubuhi ya tarehe 10 Septemba 2011, baada ya meli ya Spice Islander kuzama usiku katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Tunachotaka kuonyesha zaidi ni pwani: wavuvi waliotoka na boti zao kwenda kuopoa watu, wanawake waliofungua makabati wakateremka na khanga na mashuka, watu kutiwa majumbani mwa wasiowajua. Vijana wangu wengi wakati ule walikuwa wachanga, wengine hata hawajazaliwa. Kwao ni tarehe tu.

Igizo ni dakika 50, nyimbo 6. Wimbo wa tatu ndio wenye mzozo. Kijana amejifunika shuka la buluu, anamuita mkewe kutoka chini ya bahari. Nimeutunga mwenyewe na nakiri nilikuwa nauonea fahari. Alhamisi iliyopita tupo mazoezini, mlango wazi, akaingia mama mmoja wa mtaa wa pili, akakaa benchi la nyuma. Mumewe alikuwemo melini na hakuonekana mpaka leo. Alisikiliza nyimbo mbili kimya. Ulipoanza wa tatu akajitanda ushungi wake vizuri, akavaa ndara, akatoka. Baada ya magharibi akamtuma mwanawe: "Mama anauliza, mmemuomba nani ruhusa ya kumuimbisha baba?"

Sikuwa na la kujibu. Nikamwambia mtoto nitakuja.

Bado sijenda. Nataka kwanza nijue naenda kusema nini. Tuache kabisa? Tuondoe wimbo mmoja? Na nyimbo zenyewe, hivi msiba wa watu wengi namna ile unaimbika? Tulipanga kuonyesha mwezi wa tisa. Naomba ushauri wa watu wazima.

KijanaWaTandale

Nimeweka mkeka hapa nasubiri wenye akili zao waje.

MzeeWaMkoani

Waalaykumu salaam maalim. Mimi wa Pemba, kwa hiyo utanisamehe nikisema kwa uchungu. Watu walikuwa wanarudi makwao, Iddi ndiyo kwanza imekwisha, wamebeba nguo za watoto, wamebeba magodoro. Baadhi ya waliookoka waliokoka kwa kuyashikilia magodoro hayo. Sisi huku tulikuwa tunasubiri meli. Nyinyi huko mlisubiri maiti. Ni misiba miwili tofauti, na wewe umeijua mmoja.

Ushauri wangu: chini ya bahari usiende. Hujafika wewe huko, wala mwanafunzi wako hajafika. Aliyefika hakurudi kukuhadithia. Baki ufukweni, hapo ndipo penye ushahidi wako. Wangu wawili walizikwa kijiji cha Kama huko Unguja, na mpaka leo sijui nani aliwafunika shuka la mwanzo walipotolewa majini. Ningependa kumuona huyo mtu kwenye igizo lako. Marehemu wangu nawaona mwenyewe usingizini, sihitaji kuonyeshwa.

Maalim_Kaskazini

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma mara tatu. Shuka la buluu limeshatoka.

Binti_Sukuma_Toronto

Maalim pole na hongera kwa pamoja. Niko Canada mwaka wa tisa, nitakueleza kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Kuna igizo la nyimbo la huku linaitwa Come From Away. Tarehe 11 Septemba 2001 Marekani walipofunga anga yao, baada ya ndege kugonga minara ya New York, ndege 38 za abiria zilielekezwa Gander, kimji kidogo cha kisiwa cha Newfoundland kisichofika watu 10,000. Zikashusha karibu watu 7,000. Mji ukawapokea siku kadhaa: mashuleni, makanisani, majumbani. Madereva wa mabasi ya shule walikuwa kwenye mgomo, wakauweka mgomo pembeni wakashika usukani.

Sasa sikia. Waliolitunga, Irene Sankoff na David Hein, walikwenda Gander Septemba 2011, kwenye kumbukumbu ya miaka kumi, wakakaa na watu wakiwasikiliza. Septemba hiyo hiyo ya kwenu. Wao wako sebuleni kwa watu huku wanaandika, nyinyi mko ufukweni mnaopoa. Nilipogundua hivyo nilinyamaza kidogo.

Kwenye jukwaa minara haionyeshwi, ndege ikiligonga jengo huioni. Ni waigizaji 12, viti na makoti. Mtu anavua koti anakuwa abiria, analivaa anakuwa mwenyeji. Kipande kilichonishika ni hiki: usiku, basi limeingia kizani, abiria wawili kutoka Afrika, mtu na mkewe, hawajui Kiingereza, wanaogopa kushuka. Dereva anaiona Biblia mkononi mwa yule mama. Lugha yake haisomi, ila namba za sura na aya ni zile zile. Anafungua Wafilipi 4:6 anawaonyesha kwa kidole. Msijisumbue kwa neno lolote. Wakashuka. Hakuna aliyelia jukwaani, ila mimi nililia mpaka jirani akanipa leso.

Na kingine: kuna mama ambaye mwanawe ni mzimamoto New York, anapiga simu, anapiga simu, hampati. Mwishoni anapata habari kwamba amefariki. Wema wote ule haukumrudisha mtoto. Igizo halikumdanganya mtazamaji hapo, ndiyo maana unauamini ule wema mwingine wote. Yumo pia abiria Mwislamu anayetiliwa shaka na wenzake na kupekuliwa vibaya. Kwa hiyo usiwafanye watu wa Nungwi wote malaika. Mtie hata mmoja anayeona tabu kutoa shuka lake jipya.

Ustadh_wa_Mchangani

Naongeza machache. Kumsemesha maiti maneno ambayo hukumsikia akiyasema ni jambo zito, maalim, na yule mama amekuuliza swali la haki kabisa. Kuhusu kuimba, usiwape nafasi watakaokwambia haramu moja kwa moja bila kukuuliza unaimba nini. Kasida kwa dufu tumeimba miaka yote. Ila penye sehemu ya kuoshwa na kuzikwa, nyamazisha vyombo. Watu wasimame tu. Waandikie hivyo hivyo kwenye mchezo: hapa kimya. Na kabla ya onyesho, someni hitma, kisomo cha kuwaombea marehemu. Waalikeni waliofiwa kwenye hitma kwanza, igizo baadaye, siku nyengine kama inawezekana. Atakayekuja hitma na asije igizoni, msimuulize kwa nini.

Kamanda_Kinyozi

Nitakuwa mkali, mnivumilie. Kila msiba nchi hii tunaimba umoja na upendo. MV Bukoba 1996, tukaimba. Spice Islander 2011, tukaimba, haukupita mwaka MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, Julai 2012. MV Nyerere pale Ukara 2018, tukaimba tena. Meli ilijazwa kupita kiasi, na aliyejaza ni binadamu, siyo upepo. Igizo la wema peke yake ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Mwalimu, muulize mwanafunzi wako: nani aliruhusu ile meli iondoke?

Maalim_Kaskazini

Kaka nimekusikia, na swali lako vijana waliniuliza kabla yako. Nina binti mmoja humo kikundini, ana miaka 16, akasema "maalim, mbona kila mtu kwenye igizo ni mzuri, sasa meli ilizamishwa na nani?" Nikamwambia hilo ni igizo jengine. Sasa naona nilimkimbia.

Mtunzi_wa_Bagamoyo

Nimesoma sanaa za maonyesho Bagamoyo, kwa hiyo ngoja nijibu upande wa kazi.

Swali la Kamanda lina mahali pake, na siyo kwenye hotuba ya mwisho. Mpe mtoto. Bandarini mwanzo kabisa, foleni ya kupanda, mtoto anahesabu watu kwa wimbo wa kuhesabia, ule wa kuchezea. Anafika namba fulani, mama yake anamziba mdomo: "Nyamaza, tutashushwa." Basi. Usirudie tena. Mtazamaji ataondoka nayo nyumbani.

Shuka la buluu kuwa bahari kila shule wamefanya, afadhali limetoka. Una khanga, tumia khanga. Khanga ile ile iwe wimbi, iwe tanga, halafu asubuhi iwe ya kumfunika mtu. Macho ya watu yataelewa bila kuambiwa.

Nyimbo: usianze kutunga kabla hujasikiliza. Nungwi mnaunda majahazi. Siku ya kushua chombo watu wanavutaje? Si kwa wimbo, mmoja anaita, wengine wanaitika wakivuta? Huo ndio wimbo wako wa kwanza na wa mwisho. Mwanzo wanashusha jahazi majini kwa furaha, mwisho mwito ule ule, sauti ya chini, wanavuta boti nchi kavu na hujui imebeba nini.

La karatasi: pitia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, na peleka andiko Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni mapema, usisubiri mwezi wa nane. Ukitaka kutumia taarabu ya mtu, COSOZA, ofisi ya hakimiliki Zanzibar, wapo. Majina halisi ya waliokufa usitumie hata moja bila wenyewe kukubali.

Mhaya_wa_Kashozi

Huyo hapo juu kanikumbusha kwetu. Tarehe 6 Novemba 2022, Jumapili asubuhi, ndege imeangukia ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Watu 43 ndani, 19 wakafa, 24 wakatoka. Wa kwanza kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja akaenda kuhangaika na mlango kwa kasia. Baadaye ikaja kamba. Watu wakaishika kamba kutoka ufukweni, wenye suruali za kanisani na wenye kaptula, wanavuta ndege. Ndege, jamani! Kwa mikono.

Watu wakibishana kuhusu siku ile wanabishana vifaa, nani alichelewa, nani apewe nini. Wana haki. Ila mimi nikifumba macho naona kamba. Kwa hiyo mwalimu, tafuta kamba yako. Kitu kimoja. Ukikipata, nyimbo sita ni nyingi.

KijanaWaTandale

Mkeka nimeukunja, naondoka na elimu ya bure. Ila maalim umesema hujaenda kwa yule mama. Nenda.

Bi_Mwanakombo

Mwanangu maalim, hawa wote wamesema vizuri, lakini wamekaa wanakupa kazi ya sanaa. Mimi nakupa kazi ya miguu. Usiende peke yako, mwanamume hendi kwa mjane na daftari. Chukua mama yako au shangazi yako. Usiende na andiko, usiende na zawadi kubwa ukaonekana unanunua ruhusa. Kilo ya sukari inatosha. Ukifika usianze na igizo, anza na kumuomba radhi, halafu unyamaze. Akikwambia acheni, mwambie tumeacha. Ukimwambia "lakini", umeshaharibu.

Maalim_Kaskazini

Nimerudi. Nimekwenda jana baada ya alasiri, na shangazi. Bi Mwanakombo, nilifuata kama ulivyosema, hata sukari.

Nikaomba radhi. Akakaa kimya muda mrefu, anachambua mchele, mimi naangalia vidole vyake. Halafu akauliza, ule wimbo wa pili kautunga nani? Ule wa khanga. Nikamwambia kautunga yule binti wa miaka 16. Akaniambia niuseme tena, usiimbwe, usemwe. Nikausema:

*Khanga hii jifunike, baridi isikuume,*
*Jina lako litajike, kwenu mtu nimtume.*

Akasema, "Hapo mmesema kweli. Tulikuwa tunawauliza majina. Wengine walikuwa hawakumbuki." Nilikuwa sijui kwamba na yeye alikuwepo pwani. Mumewe hajulikani alipo, na yeye anagawa khanga kwa watu wengine, kila anayefunikwa anamtazama uso kwanza.

Wimbo wa tatu nimemwambia umeshatoka. Hakusema ahsante wala hakusema afadhali. Kwamba tuache kabisa, hakutaka. Kuja kutazama, amesema ataona siku yenyewe, na akija atakaa karibu na mlango, tusimuwekee kiti cha mbele na tusimtaje.

Wakati tunaaga akaniita. "Nyinyi kwenye mchezo wenu mnagawa chai." Nikamwambia ndiyo, chai ya rangi. Akasema, "Haikuwa chai. Ulikuwa uji, na haukutiwa sukari, sukari iliisha mapema. Sufuria lilikuwa kubwa, la harusini, lilibebwa na watu wawili kwa mti."

Basi tumebadilisha. Kikombe cha chai nimekirudisha nyumbani. Andiko linakwenda Baraza wiki ijayo, na yule mtoto wa kuhesabu foleni yumo, anaigizwa na yule yule binti. Bado natafuta sufuria. Kama kuna mtu wa Mkokotoni, Kidoti au Nungwi mwenye lile kubwa la kupikia pilau la shughuli, nalihitaji kwa mazoezi ya Jumamosi na nitalirudisha Jumapili likiwa safi. Mti wa kubebea tunao.