Re: Shule ya wavulana tupu yenye Kilatini, Boston. Ada yake inalipika?

Mama K., Lowell:
Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Mwalimu wa mwanangu (yuko darasa la sita) kaniita, anasema nimwombee nafasi Roxbury Latin, ile shule ya wavulana kule West Roxbury. Nimefungua ukurasa wa ada, nikaufunga papo hapo. Halafu eti Kilatini ni lazima! Huyu mtoto Kiswahili chenyewe anasema "kitabu yangu". Kuna mwenye uzoefu?

Baba J., Dorchester:
Marahaba mama. Ufungue tena huo ukurasa. Shule ile hupokea mtoto bila kuangalia mfuko wa mzazi, hesabu ya ada inafuata baadaye. Sisi tukiona tarakimu tunakimbia, wenzetu wanajaza fomu. Ila fomu ya kuomba nafasi ni moja na ya msaada wa ada ni nyingine, kila moja na tarehe yake. Mimi mwaka ule nilituma ya kwanza nikalala, ya pili ikanipita (shule ilikuwa nyingine, si hiyo). Ritani za kodi (fomu za kodi ya mapato yako), za kuombea msaada, ziwe tayari kabla ya Krismasi, maana maombi hufungwa Januari na majibu hutoka mwezi wa tatu. Na kama unamsomesha mdogo wako nyumbani au unamtibu mama, andika barua ueleze. Usisubiri fomu ikuulize.

Ukisikia "Class VI" usishtuke: ndiyo darasa la saba. Wanahesabu kurudi nyuma mpaka Class I. Shule yenyewe ni ya mwaka 1645, ilianzishwa na mchungaji John Eliot, na wavulana wote ni kama 300 tu.

Mzee wa Worcester:
Mimi Kilatini kilinipa viboko seminari ndogo, Tanzania, kwa hiyo nisikilizeni. Mtoto wa Mswahili ana mtaji. Anayejua kwamba kiti ni *kikubwa*, mti ni *mkubwa* na jiwe ni *kubwa*, hashangai kuambiwa *liber magnus* (kitabu kikubwa) lakini *mensa magna* (meza kubwa). Kinachowasumbua Wamarekani ni miisho ya maneno: *puer puellam amat* na *puellam puer amat* ni mamoja, mvulana ndiye anayempenda msichana, kwa sababu ile -m imeshasema nani anapendwa. Sisi tunayo -ni ya nyumbani na shambani, kidogo lakini ipo. Sasa mama, hiyo "kitabu yangu" irekebishe leo jioni, ni mazoezi ya bure.

Mama wa wawili, Hyde Park:
Mzee umenichekesha. Lakini tusimpambe mwenzetu maua tu. Wangu wa kwanza alienda shule ya wavulana (siitaji), darasani walikuwa weusi wawili, na mwaka wa kwanza alama zilishuka mpaka nikadhani anaumwa. Kazi za nyumbani masaa matatu kila usiku. Alisimama, lakini nilikaa naye mezani kila siku. Aliyesoma bweni Alliance au Tabora Boys asidhani ni yale yale: hapa mtoto anarudi jioni, na uchovu wote unaupokea wewe.

Binti yangu yuko Boston Latin School. Ni ya serikali, bure, wasichana waliingia 1972, na Kilatini kipo vile vile. Ila lazima ukae ndani ya Boston. Lowell haihesabiki.

Baba J.:
Hilo la Lowell ndilo kubwa kuliko ada. Roxbury Latin bweni hakuna. Treni hadi North Station, treni ya mjini ya Orange Line hadi Forest Hills, kisha treni ya Needham au basi. Mtoto wa miaka kumi na miwili, Februari, theluji!

Mama K.:
Asanteni sana. Dada yangu anakaa Roslindale, nimempigia, amesema atampa chumba katikati ya juma. Baba wa mtoto bado ananuna. Mtihani wa kuombea nafasi ni Jumamosi ijayo saa mbili na nusu asubuhi na mimi niko zamu hospitali. Nani anapita Route 3 asubuhi hiyo?