Naombeni ushauri: neno "Calm" lina maana gani hasa? Ni la kuandika ubavuni mwa mashua

MtoPangani: Wakuu habari zenu. Nahitaji msaada wa haraka, hata usingizi sipati. Nina mashua hapa Pangani, napeleka wageni kisiwa cha Maziwe. Nataka iitwe "Calm". Mgeni mmoja aliniambia maana yake ni utulivu. Jamaa wa kijiweni anabisha, anasema asili yake ni moto. Nani mkweli?

DarasaLaPili: Wote wawili. Leo ni utulivu, uwe wa bahari, wa hewa au wa moyo. Ila Wagiriki walikuwa na "kauma", joto linalounguza. Kilatini kikalichukua, "cauma", na limo hata kwenye Biblia ya Kilatini, Ayubu 30:30, pale mifupa yake inapoteketea. Wataalamu wengi wanaona humo ndimo ilimotoka "calma" ya Waitaliano: jua la mchana likiwaka, watu na mifugo wote kivulini, hakuna kinachotikisika. Wafaransa wakasema "calme", Waingereza wakalipokea karne ya 14. Nalipenda sana neno hili, utulivu uliozaliwa na jua kali.

JoshiTu: Nimekula chumvi baharini, Tanga na Pemba. Hiyo "calm" ni shwari. Kwenye kipimo cha upepo alichokitunga baharia Beaufort mwaka 1805 ndiyo namba 0: moshi unapanda wima, bahari kioo. Mwenye tanga hapo haendi popote. Maleleji fulani, pepo zikibadilika, tulikwama mkondo wa Pemba, tanga linaning'inia, maji ya kunywa yanapungua, na mkondo unatusogeza kaskazini tu. Wenzangu waliacha hata kuzungumza. Upepo wa matlai ulipovuma watu wazima walilia. Chombo chako kina mashine?

SukariGuru: Iite "Tranquility" bwana! Wamarekani walipotua mwezini mwaka 1969 walishukia Bahari ya Utulivu, na haina tone la maji. Huko huzami.

MtoPangani: Asanteni. Mashine si hoja, wageni wanataka jina fupi.

JoshiTu: Nimeuliza mashine.

BiMkubwa: Na mimi nauliza, mwanangu. Chombo kinachobeba watu hakikosi jina. Kiliitwaje?

MtoPangani: Haina mashine, tanga tupu. Ilikuwa ya marehemu baba, inaitwa "Mwanakheri", jina la bibi yetu. Tumerithi mimi na dada, yeye yuko Muscat. Sijamwambia. Lakini mimi ndiye ninayeitia kalafati, mimi ndiye ninayelipa mafundi. Na upande mmoja umeshaandikwa, herufi zimetoka vizuri kweli. Bibi yumo moyoni, hahitaji ubao.

MzeeWaBaraza: Jina la mzazi halifutwi kwa rangi. Vijana mkiona mgeni mnasahau waliowalea. Msomee bibi yako hitima kwanza, mengine yatafuata.

Kishoka: Wakuu, hii chai. Marehemu, bibi, Muscat, mgeni, vyote uzi mmoja? Huyu kwenye uzi wa bodaboda alisema yuko Morogoro. Leta picha.

SukariGuru: Chai ya tangawizi kabisa. Nilijua.

MtoPangani: Morogoro niliendesha boda kabla baba hajafariki. Picha siweki, watu wa dada wamo humu. Anayetaka kunipima aniulize chombo.

JoshiTu: Foromali yako, inayobeba tanga, ya mti gani?

MtoPangani: Mvinje. Ilipasuka msimu wa kusi uliopita tukaifunga kamba, bado inashika. Mpya fundi anataka pesa ambayo sina.

JoshiTu: Huyu ana chombo. Kishoka, mwache.

Kishoka: Sawa, ila wewe nahodha kwa nini ulikwepa swali la mashine?

MtoPangani: Kwa sababu nikisema tanga tupu mtasema jina ni nuksi. Na mimi nalipenda.

BiMkubwa: Nuksi hakuna. DarasaLaPili amelieleza vizuri, jina lenyewe zuri. Mimi namwogopea dada yako: ataliona kwenye picha ya mgeni kabla hajalisikia kwako, na ni mali yake pia. Mpigie kabla fundi hajagusa upande wa pili.

MtoPangani: Nitampigia usiku, akitoka kazini. Fundi anarudi leo saa nane.